Ngazi Inayomtoa Muuguzi Wodini

Katika hospitali zetu nyingi, muuguzi akidhihirisha umahiri hutuzwa kwa kuondolewa karibu na wagonjwa. Hupanda daraja, hupewa ofisi, kisha vikao na ratiba za zamu. Mkono uliozoea kuupata mshipa wa mtoto njiti sasa unasaini fomu za likizo, na usiku wodini hubaki aliyeajiriwa juzi.

Simlaumu anayepanda, naye ana watoto wa kusomesha na pensheni ya kufikiria. Ninaoulaumu ni muundo wa utumishi, ambao hutazama zaidi vyeti, miaka ya kazi na nafasi zilizomo katika ikama, kuliko ustadi unaoonekana kitandani. Mimi daktari bingwa nikipanda daraja, naendelea kuona wagonjwa, wala hakuna anayeshangaa. Kwa nini kwa muuguzi kupanda kuwe ndiko kuhama?

Hutajwa mfano wa kampuni za uwakili na za ukaguzi wa hesabu, ambako vijana wengi huwa chini, wabia wachache juu, na katika baadhi yake asiyepanda huonyeshwa mlango. Lakini huko kazi ya kijana hupitiwa na mkubwa wake kabla ya kumfikia mteja. Wodini hakuna nafasi hiyo. Mtoto akiacha kupumua saa tisa za usiku, uamuzi wa aliye zamu ndio unaomfikia mgonjwa, palepale.

Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mwanazuoni wa Marekani, alieleza hatua tano anazopitia muuguzi kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Aliyefika juu huiona hali ya mgonjwa kwa ujumla wake. Mara nyingi hushuku hatari kabla mashine haijalia. Ujuzi huo hauandikiki wote katika miongozo. Hupokewa kwa kufanya kazi bega kwa bega na anayeujua. Uingereza, kuanzia mwaka 2000, iliweka cheo cha muuguzi mshauri kwa sharti kwamba angalau nusu ya muda wake autumie katika huduma ya moja kwa moja.

Nitaambiwa fedha hazitoshi. Kweli, ila hoja yangu haidai mishahara mipya mingi. Tuanze na wodi za watoto wachanga na za wagonjwa mahututi: kila moja iwe na nafasi ya muuguzi mwandamizi wa huduma, mwenye ngazi ya mshahara sawa na muuguzi mfawidhi, asiyehamishwa ovyo kwenda wodi nyingine, na anayeingia zamu za usiku kama wenzake. Mfawidhi abaki na utawala, maana nao unahitaji mtu wake.

Nanyi wagonjwa na ndugu mnaouguza, mnapokabidhi mtoto jioni, ulizeni kwa heshima ni nani anayeongoza zamu ya usiku, na ameihudumia wodi hiyo kwa muda gani.