Jukwaa Lililoishia Mlangoni

Na Neema Bahati

Mwezi Mei 2015, Milo Rau, mtunzi wa michezo ya jukwaani kutoka Uswisi, alileta hapa Bukavu kesi iliyosikilizwa jukwaani, Tribunali ya Kongo. Mashahidi walikuwa wa kweli, wanasheria pia, na mambo yenyewe tunayajua: migodi ya Twangiza na Bisie, mauaji ya Mutarule ya Juni 2014. Hukumu haikuwa na nguvu ya sheria, lakini watu waliwasikia wakubwa wakiulizwa hadharani. Kazi ile naiheshimu sana. Ila ilishughulika na makampuni, jeshi na serikali, ikaishia mlangoni, na kwetu vita vingi vimehamia ndani ya nyumba. Mume amemrudisha mke kwao kwa kuwa alibakwa. Mtoto haambiwi baba yake ni nani. Ndugu hawasalimiani tangu mmoja wao abebe bunduki. Hakuna tribunali itakayowaita hawa, na ndiyo maana tamthilia inapaswa kuwaita.

Ebrahim Hussein alikwisha kuonyesha namna. Kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno iliyoitikisa Kenya mwaka 1987 ilizungumzwa kama ugomvi wa sheria na mila. Katika tamthilia yake Kwenye Ukingo wa Thim (1988), Hussein aliirudisha kwa wafiwa, na mabishano juu ya maiti yakafichua swali la zamani zaidi: nani katika nyumba ile alihesabiwa kuwa mtu wa ukoo, na nani hakuwahi kuhesabiwa.

Wapo wanaosema kwamba kuyaigiza haya ni kumvua nguo mama aliyeteswa mbele ya majirani. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni utunzi wenyewe: mhusika wa kubuni huibeba aibu bila kumtaja mtu wa mtaani. Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni michezo ya kuhamasisha ambamo mume anaomba radhi, mke anasamehe, ngoma inapigwa, yote kwa saa moja. Wengine watauliza kama huu ni wakati wa michezo, baada ya mji kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Lakini mchezo wa mume, mke na mama mkwe hauhitaji jenerali wala bendera. Unatosha katika ukumbi mdogo wa Kadutu au Bagira. Watunzi wetu wauandike, na wampe mke huyo ruhusa ya kukataa kusamehe mpaka mwisho wa onyesho.