Tufaha Si Rangi Yake

Katika vibanda vya matunda vya Kitale na Bungoma, matufaha yana majina mawili tu: mekundu na ya kijani. Mnunuzi husema "nipe mekundu mawili", mchuuzi humteulia yale yang'aayo zaidi, na biashara imekwisha. Mimi ni mwalimu wa isimu wala sina shamba la matunda. Hata hivyo jambo hili lanihusu, kwani maneno ya mnunuzi ndiyo yamwongozayo mchuuzi kujua alete nini kesho. Mteja asiyeweza kutaja anachokitaka hupewa kilichopo, na kilichopo, mara nyingi, ni tunda zuri la kutazamwa na baya la kutafunwa.

Hebu tuwatazame Waswahili wa pwani na mnazi wao. Tunda lile lile hupewa jina jipya kila lipigapo hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, hatimaye nazi. (Wanafunzi wangu kutoka Trans Nzoia hutabasamu wasikiapo kwamba kumbe jina la mji wao, huko pwani, ni jina la nazi changa ambayo haijafika kuwa dafu.) Embe nalo ni ngowe, ni dodo, ni boribo. Hakuna aendaye sokoni Mombasa akaomba "embe la manjano". Wala sisi wa bara hatukunyimwa kipawa hicho. Mama wa Bungoma anunuapo viazi vitamu huuliza kama ni vya unga au ni vya maji, na akidanganywa, mchuuzi atamsikia Jumatatu ijayo. Mkulima wa Kitale haendi dukani kuomba mbegu ya mahindi "iliyo katika mfuko mzuri", hutaja nambari. Mseto wa 611 ulitolewa kwa wakulima mwaka 1964 kutokana na utafiti uliofanywa papo hapo Kitale, ukafuatwa na nduguze, na 614 imekuwa jina la nyumbani ambalo hata mtoto wa shule ya msingi hulijua. Watu hao hao wakifika kwenye tufaha, ulimi hufa ganzi na jicho hutawala.

Walimu wenzangu watauliza kwanza habari ya jina lenyewe. Tofaa au tufaha? Asili ya yote mawili ni Kiarabu. Lakini pwani tofaa ni tunda la mtofaa, mti uliotoka Asia ya Kusini Mashariki, lenye umbo la kengele na nyama nyeupe ya majimaji. Si hili liuzwalo vibandani kwetu. Kwa sababu hiyo mimi hushika tufaha, ingawa sitamkata maki mwanafunzi aliyeandika tofaa. Kosa kubwa zaidi ni kumfundisha neno bila kumfundisha la kusema kulihusu.

La kusema lipo tele. Jambo la kwanza kulipima katika tufaha la kuliwa bichi ni jinsi linavyokatika menoni. Nyama yake imejengwa kwa seli zilizoshikamanishwa na gundi iitwayo pektini, na kati ya seli hizo mna hewa nyingi, takriban robo ya tunda zima, ndiyo maana tufaha huelea majini. Katika tunda lililochumwa karibuni gundi hiyo ni imara: meno yakiingia, seli hupasuka kwa mlio na maji yake humwagika kinywani. Tunda likikaa sana, gundi hulegea. Meno yakiingia, seli huachana zikiwa nzima, na maji hubaki yamefungiwa ndani. Ndipo mtu adhanipo anatafuna unga mkavu ilhali maji yamo humo humo. Neno la kiazi latufaa basi, ila limegeuzwa thamani: kiazi cha unga ni sifa, tufaha la unga ni hasara.

Jambo la pili ni uwiano wa utamu na uchachu. Tufaha huendelea kupumua baada ya kuchumwa na huitumia asidi yake kidogo kidogo, hivyo tunda la kale huwa tamu lililopooza, lisilo na makali ya kuuamsha ulimi. Ukakasi ni jambo jingine tena, wala usichanganywe na uchachu: uchachu huusisimua ulimi, ukakasi huukausha.

Sasa tuuangalie huo wekundu unaotupumbaza. Aina iitwayo Red Delicious ilitokea katika shamba la mkulima Jesse Hiatt, jimboni Iowa, Marekani, katika karne ya 19. Hapo mwanzo lilikuwa tunda la michirizi. Kampuni ya Stark iliponunua haki zake, na kwa miongo mingi baadaye, wakulima walikuwa wakiteua matawi yaliyozaa matunda mekundu zaidi, kwa sababu ndivyo macho ya wanunuzi yalivyoamuru. Ganda likazidi kuwa zito na chungu, rangi ikazidi kukolea, nyama ikasahauliwa. Wamarekani walistahimili kwa zaidi ya nusu karne likiwa ndilo tunda lao la kwanza kwa wingi, hadi Gala lilipolipiku mwaka 2018. Kilichotokea kwao kwaweza kutokea kwetu kwa njia iyo hiyo, tofauti ikiwa tu kwamba sisi hatuna hata jina la kulikataa.

Gala lilizalishwa New Zealand na J. H. Kidd katika miaka ya 1930. Ni tamu, jepesi, lenye michirizi, na hupendeza sana mwanzoni mwa msimu. Golden Delicious ni la manjano, lenye manukato na nyama laini. Lile ambalo ganda lake limeanza kukunjamana liache. Fuji, lililotolewa Japani mwaka 1962, ni mtoto wa Red Delicious huyo huyo, ila halikumrithi mzazi kwa unga wake: ni zito, la majimaji, tamu karibu kama muwa. Pink Lady lilianza kwa mzaliano uliofanywa na John Cripps huko Australia Magharibi mwaka 1973, nalo huchelewa kuchumwa kuliko mengine, likiwa gumu, kali na tamu kwa pamoja. Nikiachiwa nichague, nachukua hilo.

Granny Smith nalilia kidogo. Lilianzia kwa Maria Ann Smith, karibu na Sydney, mnamo 1868, na limeenea duniani kote, lakini vijana wetu hulikimbia kwa kuwa Kiswahili chetu cha kila siku kimeuoza ukijani kwa ubichi. La kijani, wadhani, halijaiva. Limeiva! Ukijani ndiyo rangi yake ya utu uzima. Likiwa la kijani kikali litakuwa chachu zaidi. Likielekea manjano, utamu umeongezeka. Zaidi ya hayo hustahimili kukaa kuliko Gala au Golden Delicious, na kwa kibanda cha Bungoma, palipo chini ya Kitale kwa mamia ya mita na joto lake kubwa zaidi, hiyo si sifa ndogo.

Msimu pia una neno lake. Matufaha mengi ya vibandani hutoka Afrika Kusini, ambako Gala huchumwa kuanzia mwishoni mwa Januari na Februari, Granny Smith Machi na Aprili, Pink Lady Aprili na Mei. Anunuaye tufaha la Afrika Kusini mwezi Desemba ananunua tunda lililokaa ghalani miezi mingi. Ghala la baridi si adui. Adui ni jua la kibandani baada ya ghala. Tazama pia kijikaratasi kilichobandikwa: aghalabu kina jina la aina, au nambari ya tarakimu nne. Granny Smith kubwa ni 4017, Fuji kubwa ni 4131. Kitale iliyoihifadhi 614 kichwani itashindwaje na 4017?

Wapo watakaosema kwamba huu ni ulimbwende, kwamba mwanafunzi mwenye shilingi chache ale pera au ndizi sukari na aache anasa za Rasi. Na ale! Pera la Bungoma lililochumwa asubuhi hulishinda tufaha lililochoka. Lakini hoja hiyo haimsaidii mkulima wa miteremko ya Elgon aliyepanda miti michache ya aina kama Anna, iliyozalishwa Israeli ili isihitaji baridi kali ya kuyaamsha macho yake, na ambaye huipukutisha majani kwa mkono ili ichanue. Tunda lake huenda likawa dogo, lenye mabaka, wekundu wake nusu. Anna hulainika upesi baada ya kuchumwa, kwa hiyo halina budi kuliwa karibu na mti wake, na huo ndio ubora ambao tunda la meli haliwezi kuwa nao. Akilipeleka sokoni kando ya jekundu linalong'aa kwa nta, nani atamtazama? Mnunuzi apimaye kwa jicho amekwisha kumhukumu kabla ya kuonja.

Kwa walimu wa Kiswahili nina pendekezo la gharama ndogo. Wanafunzi wanne wachange, wanunue matufaha manne ya aina tofauti, wayaweke mbali na mkungu wa ndizi, maana hewa ya ethilini itokayo katika matunda hayo huyaharakisha yote mawili kuiva. Darasani yakatwe vipande, kila mmoja aonje akiwa amefumba macho, kisha aandike aya moja kwa kila kipande. Neno "tamu" liruhusiwe mara moja tu katika insha nzima, na neno "jekundu" lisiruhusiwe kabisa.