Homa, Degedege na Malaria: Tatizo la Maana katika Ujumbe wa Afya

Ujumbe wa kinga ya malaria unaowafikia wakazi wa Kolandoto, mkoani Shinyanga, huandikwa kwa Kiswahili Sanifu kana kwamba kila neno lake lina maana ile ile kutoka pwani hadi Usukumani. Dhana hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kitabibu.

Mfano mmoja ni kauli "Sio kila homa ni malaria". Kwa daktari, homa ni dalili: joto la mwili lililopanda. Kwa msemaji wa kawaida, homa ni dalili na pia ni ugonjwa. Husema "nina homa" akikusudia malaria yenyewe. Kwake yeye kauli hiyo yajikanusha.

Neno degedege lina hatari zaidi. Utafiti wa Winch na wenzake kuhusu Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba degedege halikuhusishwa sana na malaria. Lilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine, wenye asili ya pepo, unaostahili mganga wa jadi. Bango lisemalo "Jikinge na malaria" halimgusi mzazi mwenye imani hiyo. Na malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili, hivyo saa zinazopotea kabla ya kufika hospitali si jambo dogo.

Hata hivyo, si halali kuyachukua matokeo ya Bagamoyo na kuyabandika Kolandoto. Huku mama hushauriana na mkwewe kwa Kisukuma, na majina ya Kisukuma ya maradhi ya watoto yana mipaka ambayo haikisiwi kutoka katika kamusi ya Kiswahili. Katika machimbo ya Geita hali ni ngumu zaidi, maana wachimbaji hutoka pembe nyingi za nchi, na kila mmoja huja na "homa" yake.

Kampeni ya mwaka 2010 ilitumia kaulimbiu "Malaria haikubaliki". Inapendeza masikioni, lakini kitenzi chake hakina mtenda: haijulikani ni nani asiyekubali, wala afanye nini. Wala tiba si kuandika "degedege ni malaria", kwani degedege hutokana pia na kifafa au homa ya uti wa mgongo (nayo imeitwa homa!). Kinachofaa ni agizo: mtoto akishikwa na degedege, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Agizo hilo litolewe kwa Kisukuma pia, baada ya kukaa na akina mama wa Kolandoto na kuyakusanya majina yao ya maradhi. Kazi ambayo wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili wanaweza kuianza bila kusubiri wafadhili.