Mashauri ya Motokaa: Betri ya Gari Lisilotembea



Juma hili nataka tuzungumze habari ya bwana mwenye gari la kazi la kila siku, na kando yake gari la zamani ambalo ni la kupenda tu. Mmoja ana Peugeot 404 aliyoachiwa na baba yake, gari la namna ile ile lililoshinda mashindano ya East African Safari mwaka wa 1963, na tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwingine ana Land Rover ya shamba, au Morris Minor. Gari hilo hupanguswa vumbi, hufunikwa turubai, na kutolewa siku ya harusi au sikukuu. Siku ikifika, mwenyewe hugeuza ufunguo, na injini haisemi neno. Vijana huitwa kusukuma.

Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Mama watoto huuliza kwa nini fedha ambazo zingelipa karo zinunue betri mpya mara kwa mara, kwa ajili ya gari lisilokwenda hata sokoni. Swali hilo ni la haki. Wako waliokosa jibu, wakachoka, wakamwuzia gari la baba yao mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Lakini betri nyingi za namna hii hazifi kwa uzee. Hufa kwa kusahauliwa.

Yafaa kwanza tujue betri hufaje. Betri ya risasi na tindikali ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859, na asili yake haijabadilika sana. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na ndani ya kila chumba mna vibao vya risasi vilivyozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa moto wake, vibao hupata utando mweupe. Ukiitia moto upesi, utando huo huyeyuka. Ukiiacha tupu majuma mengi, utando hugeuka kuwa mgumu, mfano wa ukoko uliokaa sufuriani siku tatu, na baadaye hakuna mashine itakayouondoa wote.

Wezi wa moto huo ni wawili. Wa kwanza ni betri yenyewe, kwa maana hupungua hata ikiwa haikufungwa waya wo wote. Joto humsaidia mwizi huyu. Kwa hiyo betri iliyokaa bure Mombasa hupungukiwa upesi kuliko iliyokaa Limuru. Wa pili ni vyombo visivyolala: saa, redio, na kengele ya kuzuia wezi. Tufanye hesabu. Vyombo vikila sehemu moja ya ishirini ya ampea, kwa siku nzima vitakuwa vimekula ampea-saa 1.2. Betri ndogo ya ampea-saa 45 itabaki nusu baada ya siku 19 hivi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba pia humwaga kibaba.

Wengi hudhani dawa ni kuwasha injini kila Jumamosi kwa dakika tano, gari likiwa limesimama. Hilo si shauri jema. Kuwasha injini hutumia moto mwingi kwa mara moja, na dainamo ya gari la zamani hutoa kidogo sana, au haitoi kitu, injini inaponguruma polepole. Zaidi ya hayo, injini isiyopata joto la kutosha huacha unyevu katika oili na katika bomba la moshi, na kutu huanza. Ni afadhali kuliendesha gari barabarani nusu saa au saa nzima, mara moja kila majuma mawili.

Kama huna nafasi hiyo, fungua waya wa betri. Anza na ule ulioungwa na mwili wa gari, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho, ili spana ikigusa chuma cha gari isilete cheche. Katika magari mengi ya siku hizi waya huo ni wa upande wa kutoa. Lakini magari mengi ya zamani ya Uingereza yaliunga upande wa kujumlisha na mwili. Basi angalia kwa macho, usikisie.

Kisha pima kila mwezi kwa mita ya volti, betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Ikionyesha 12.6 au zaidi, imejaa. Ikifika 12.4, itie moto. Ikifika 12.0, imekaribia kuisha, na kila siku unayongoja ni hasara. Kwa betri ya volti 6, kama zile za Volkswagen za kale, gawanya hesabu hizi kwa mbili. Mwenye stima nyumbani anunue mashine ndogo inayojipunguza yenyewe betri ijaapo. Mashine ya kale isiyojipunguza, ikiachwa usiku na mchana, huchemsha maji hata vibao vikauke. Asiye na stima aweza kutumia kibao kidogo cha nguvu za jua, mradi kiwe na kidhibiti chake.

Kama betri yako ina vifuniko, maji yakipungua ongeza maji safi ya betri yasiyo na chumvi. Usiongeze tindikali, wala maji ya mfereji. Na yale maneno kwamba sakafu ya simiti hunyonya moto wa betri yasikusumbue. Betri za leo zina ganda la plastiki, nazo hazidhuriki kwa sakafu.

Jambo la mwisho ni la usalama. Betri inapotiwa moto hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hulipuka. Fungua madirisha, usivute sigara karibu, na zima mashine kabla ya kuondoa waya zake. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi muda wa robo saa, kisha nenda hospitali bila kukawia. Betri iliyokufa usiivunje uani, kwa maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto; irudishe kwa mwenye duka.

Basi, bwana, andika katika kalenda ya ukutani siku moja ya kila mwezi iwe siku ya betri. Kazi yake ni ya dakika chache, na fedha za betri mpya zitabaki kuwa za karo.

Wasalaam.