Kumpata Mtu wa Kumuuguza Mzee Nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi hawezi kubaki wodini mpaka apone kabisa. Anaporuhusiwa, watoto wake huja kutoka Dar es Salaam au Arusha, hukaa siku 3 Usangi au Ugweno, humtafuta mtu wa kumtunza, kisha hurudi kazini. Swali la kwanza huwa ni mshahara. Kwa maoni yetu hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

Ulizeni kwanza mgonjwa anahitaji nini. Wa kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa aweza kutunzwa vizuri na binti mwaminifu aliyeelekezwa. Mwenye mpira wa mkojo au kidonda kikubwa anahitaji muuguzi, na muuguzi wa kweli ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwombeni awaonyeshe. Koti jeupe si leseni. Makoti hupatikana hata mnadani.

Kwa mazoezi ya viungo iko taabu zaidi. Chuo cha fiziotherapia kipo KCMC, Moshi, si mbali nasi, hivyo si vibaya kumwuliza mtu alisomea wapi. Mtaalamu humpima mgonjwa kabla ya zoezi lolote, huuliza habari za shinikizo la damu, na husema anachotafuta: wiki hizi mzee aketi bila kuegemea, baadaye asimame. Tena huwafundisha wenyeji. Anayewatoa nje ili afanye kazi yake kwa siri, au anayeahidi kwamba mzee atatembea baada ya siku 7, mpeni nauli aende zake. Wapo pia wachuaji wa mafuta ya moto. Mkono wenye ganzi hausikii moto, nasi tumepokea wagonjwa wenye malengelenge. Wala mkono huo usivutwe wakati wa kumwinua mgonjwa, kwani bega huteguka.

Baada ya kumwajiri, fikeni bila taarifa. Msiishie sebuleni. Funueni shuka mtazame visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Tafuteni mahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu. Hapo kidonda kimeanza, maana mgonjwa hageuzwi kila saa 2. Tazameni anavyolishwa. Akilishwa amelala chali, uji huingia mapafuni. Hesabuni na vidonge vya shinikizo la damu. Kisha mtoeni mhudumu kidogo, mzungumze na mzee. Asiyeweza kusema aweza kuwabana kidole.

Lakini tuwe wakweli. Kila saa 2 ni mara 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Binti mmoja, anayepika, kufua na kuchota maji kwenye mteremko, hawezi hayo mwezi mzima. Tumesikia ndugu wakimlaumu kwa usingizi, wakati mshahara wake wa miezi 2 haujatumwa. Tafuteni mkwe au jirani wa kushika zamu ya usiku, naye apewe siku yake ya kupumzika.

Na msingoje siku ya kuruhusiwa. Mleteni mhudumu wodini siku 2 kabla, tumwelekeze kwenye kitanda cha mzee mwenyewe. Aje na kanga ya kubadilisha, maana atalowa.