Uzi wa Kioo Uchunguliao Ubongo

Wako wasemao kwamba habari za nyuzi za kioo zamhusu fundi wa simu peke yake. Sisi hatukubaliani nao. Ndugu zetu wa vikosi vya mawasiliano wanazifahamu nyuzi hizo, nyembamba karibu kama unywele, zipitishazo maneno kwa njia ya mwanga. Uzi wa namna hiyo sasa watumika kuchungulia ubongo wa kiumbe hai, nalo ni jambo limpasalo kulijua kila mtu ambaye kazi yake yaweza kumpatia jeraha la kichwa.

Asili yake ni mbali. Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer, mtaalamu wa fizikia wa Göttingen, Ujerumani, alieleza kwamba atomu yaweza kumeza fotoni mbili, yaani punje mbili za mwanga, kwa mpigo mmoja. Hapakuwa na taa yenye nguvu ya kulithibitisha hilo hata leza ilipoundwa mwaka 1960. Mwaka uliofuata likathibitika. Mwaka 1990 Denk, Strickler na Webb wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliunda hadubini ya kulitumia.

Siri yake ni hii. Seli zilizotiwa rangi maalumu hung'aa pale tu ambapo fotoni mbili zinafika pamoja, na hilo hutokea katika nukta ile ambamo mwanga umebanwa mno. Juu yake giza, chini yake giza. Tena mwanga wenyewe ni wa upande wa wekundu, upenyao nyama kuliko ule wa buluu.

Lakini hadubini ilitanda meza nzima, na mnyama alifungwa kichwa. Askari aliye kwenye gwaride siye yule aliye doria usiku; vivyo hivyo panya aliyefungwa hatuonyeshi ubongo wa panya akimbiaye. Hapo ndipo uzi ulipohitajika. Mwaka 2001 Helmchen, Denk na wenzao walimvika panya mkubwa hadubini ya gramu 25, mwanga ukiletwa kwa uzi. Kwa panya mdogo mzigo huo ungelingana na uzito wake mwenyewe! Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peking, China, waliushusha hadi gramu 2.15.

Haikuwa rahisi. Leza hiyo hupiga mapigo mafupi ajabu, kama sekunde moja iliyogawanywa mara trilioni kumi, na kioo huyatawanya yakafika yamelegea. Wachina walitumia uzi wenye tundu katikati, mwanga ukapita hewani. Wengine hutumia uzi wa matabaka: kiini hupeleka mwanga, tabaka la kando hurudisha mng'ao.

Wakosoaji huuliza: amepona nani? Swali ni la haki, nasi twajibu wazi kwamba kazi hii kwa sehemu kubwa ingali ya maabara. Hata hivyo kuidai mavuno ya msimu mmoja ni kuidhulumu, maana toka wazo lile hadi panya aliyevaa hadubini ilipita miaka 70. Wanaotibu majeruhi wa kichwa wahitaji kwanza kujua ubongo hufanyaje kazi ukiwa huru, na ujuzi huo haununuliwi siku ya ajali. Washikao fedha za utafiti wasifumbe mkono kwa sababu tu aliyetangulia kunufaisha elimu hii ni panya.