Mambo ya Nyumbani: Akiba Huwekwa Siku za Mavuno

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari ya akiba ya nyumba. Wengine watashangaa, maana taabu ya njaa na mafuriko huonekana mapema mwakani, nasi twaizungumza wakati mpunga ungali mbichi shambani. Lakini kwa maoni yetu huu ndio wakati wake. Siku za mavuno nyumba nyingi huponywa au hupotezwa, na wenyewe hawatambui mpaka miezi minane imepita.

Sisi tukaao bonde la Kilombero, tangu Mang'ula na Ifakara mpaka Mlimba, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto katika Ulanga na Malinyi, twaishi kwa maji. Mito hushuka toka milima ya Udzungwa upande huu, na toka milima ya Mahenge upande ule, ikatandaza udongo mzuri mbugani, nasi twapanda mpunga. Maji hayo hayo yatupayo chakula hukata njia, huingia visimani na kuangusha kuta. Tena tangu Novemba au Desemba jamaa wengi huziacha nyumba zao za kijijini, wakaenda kukaa katika madungu huko mashambani, mbali na duka, zahanati na shule, mpaka wavune mwezi wa Mei au Juni. Mtu akaaye hivi hana budi kujua kwamba ziko siku ambazo hakuna atakayemfikia, naye hatamfikia mtu.

Wala si maji peke yake. Wazee wetu wanakumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni, chumvi, sukari, nguo na hata kibiriti vilipoadimika, watu wakapanga safu katika maduka ya ugawaji tangu alfajiri, na wengine wakafua nguo kwa majani ya mpapai. Mwezi wa Januari 2016 kivuko cha Mto Kilombero kilipinduka kwa upepo mkali, wakati Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilikuwa halijakamilika. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine, nchi ambazo wengi wetu hatujui ziko wapi, vilipandisha bei ya mbolea na mafuta hata hapa kwetu, na Serikali ikaanza kutoa ruzuku ya mbolea mwezi wa Agosti mwaka huo. Mwaka 2024 mvua kubwa zilileta mafuriko katika bonde letu na katika mikoa mingi. Waziri Mkuu alipoliambia Bunge mwezi wa Aprili, watu 155 walikuwa wamekwisha kufa nchini. Mwezi huo huo, tarehe 1, umeme ulikatika karibu nchi nzima, ingawa sisi ni majirani wa mitambo ya Kidatu iliyoanza kutoa umeme mwaka 1975, nayo ya Kihansi iko mlangoni petu. Tena tangu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na watu waliozoea kufanya kila jambo kwa simu wakakaa wakiitazama tu.

Tumeyataja haya kwa makusudi. Vita, upepo, mvua na mitambo ni mambo mbalimbali, wala hakuna mtu wa nyumba moja awezaye kuyazuia. Lakini yote huingia nyumbani kwa mlango mmoja. Siku ya kwanza baba hutafuta fedha asizipate. Siku ya tatu mama hupangusa chungu. Siku ya saba mtu huenda kwa mkopeshaji.

Tuitazame nyumba moja, ambayo hatuitaji kwa jina, kwa kuwa mfano wake ni nyingi. Mwezi wa Juni walivuna magunia ishirini. Mnunuzi alikuja na lori, akalipa taslimu, nao wakauza kumi na manane. Walinunua mabati, wakalipa ada ya shule, wakasaidia harusi ya ndugu. Yote ni mambo mema. Kufika Desemba mpunga uliobaki ulikwisha. Februari maji yalijaa, kibarua hakuna, na mtoto akaugua. Baba akaenda kwa mkopeshaji, akapewa shilingi 150,000 kwa ahadi ya kulipa magunia matatu wakati wa mavuno. Tufanye hesabu ya mfano: mavuno yalipofika, gunia moja lilikuwa shilingi 80,000. Basi kwa deni la 150,000 amelipa mali ya 240,000, katika miezi minne. Mwaka wa pili alianza mavuno akiwa amepungukiwa, akakopa mapema zaidi na kwa magunia mengi zaidi. Mwaka wa tatu alilikodisha shamba lake mwenyewe, akawa kibarua ndani yake, na binti yake mkubwa akaacha masomo. Wahenga walinena, kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu huyu hakuwa mvivu wala mlevi. Kosa lilikuwa siku ile ya lori: aliuza kwanza, kisha akahesabu kilichobaki, badala ya kuhesabu kwanza.

Basi neno letu la kwanza ni hili: tenga chakula kabla hujaonana na mnunuzi. Mtu atauliza, nitenge kiasi gani? Hesabu yake si ngumu. Nyumba ya watu sita, ikila pamoja na vyakula vingine, yaweza kutumia kilo mbili za mchele kwa siku. Miezi migumu ni tangu Januari mpaka Mei, siku 151. Hizo ni kilo 302 za mchele. Mpunga wa kilo 100 ukikobolewa hutoa mchele kama kilo 65. Basi gunia la mpunga la kilo 80 hutoa kilo 52. Kwa hiyo nyumba hiyo yahitaji magunia sita kwa miezi hiyo mitano, mbali na yale ya Juni mpaka Desemba. Magunia hayo sita yashonwe, yatiwe alama, yasiguswe. Kando yake iwekwe mbegu. Mtu alaye mbegu mwezi wa Machi huenda Novemba kuomba kwa jirani, naye hupewa ile ambayo jirani hakuitaka.

Twaongeza onyo dogo. Wengine huweka mpunga kwa tamaa ya bei tu, wakidhani kila Februari bei itapanda maradufu. Pengine hupanda sana. Pengine haipandi, kwa kuwa mavuno ya mahali pengine yalikuwa mengi au mchele wa nchi za nje umeingia. Anayeweka kwa ajili ya biashara aweza kupata hasara. Anayeweka ili watoto wale hapati hasara, maana kilichowekwa kitaliwa, bei iwe juu iwe chini.

Neno la pili ni utunzaji. Akiba haiozi, husema watu, lakini mpunga mbichi huoza. Anika juu ya turubai, wala si juu ya udongo, mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio. Weka ukiwa mpunga, usikoboe wote, maana ganda lake huulinda na wadudu kuliko mchele mtupu. Magunia yasilale sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yapandishwe juu ya uchaga. Wale wakaao karibu na Mto Lumemo, na wote ambao maji yamewahi kuwaingilia ndani, wajenge uchaga kupita alama ya maji iliyobaki ukutani. Babu zetu hawakuinua madungu yao juu kwa mapambo.

Neno la tatu ni fedha. Usiweke zote mahali pamoja. Fedha ya simu ni nzuri, lakini mnara ukizimika, au wakala akikosa fedha mkononi, haikununulii chumvi. Kiasi cha kununua mahitaji ya juma moja kikae nyumbani kwa noti ndogo ndogo, maana siku ya taabu muuza duka hana chenji. Kiasi kingine kiingie katika kikundi cha kuweka na kukopa, nacho kitiwe wakati wa mavuno mkono ukiwa nazo, si Februari. Atakayehitaji mkopo na akope humo kwa wenzake, penye daftari na mashahidi. Kama huna budi kumwendea mtu mwingine, omba deni la shilingi ulilipe kwa shilingi; usimwahidi magunia ya mpunga ungali kijani.

Neno la nne ni huduma tulizozoea. Kabla ya mvua kubwa, mama wa nyumba na azihesabu kwa vidole vyake. Maji: ndoo zenye vifuniko, na kuni kavu za kuchemshia, maana kisima kilichoingiwa na mafuriko huleta kipindupindu na kuhara. Mwanga: taa ya jua au kibatari, kibiriti kisicholowa, na uniti za umeme zilizonunuliwa mapema. Vyandarua: vishonwe matundu kabla hamjahamia shambani, maana mbu wa bonde hili hawahitaji kuelezwa. Dawa: mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu na mwenye kutumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI na aende kliniki mapema, aeleze kwamba anahamia dungu, aombe dawa za kumtosha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi waliona jinsi huduma iliyodhaniwa ya kudumu iwezavyo kutikisika kwa amri iliyoandikwa mbali. Hati za shamba, vyeti na kadi za kliniki vitiwe katika mfuko wa plastiki na kutundikwa juu.

Na kwa habari ya mama mjamzito twasema kwa nguvu zaidi. Asingojee uchungu akiwa ng'ambo ya maji. Juma chache kabla ya siku zake na aje akae kwa ndugu walio karibu na hospitali, Ifakara au penginepo. Nauli hiyo itolewe katika mauzo ya mpunga wa Juni, kabla ya mabati. Nyumba isiyoezekwa mwaka huu yaweza kuezekwa mwaka ujao.

Neno la mwisho ni la mume na mke. Katika nyumba nyingi mama hupanda, hupalilia, hufukuza ndege na kuvuna, na siku ya kuuza haitwi. Siku moja jioni, kabla lori halijafika, kaeni pamoja na daftari. Baba atasema, "Mama watoto, mnunuzi yuko kwa jirani na fedha mkononi, bei ya leo huenda kesho isiwepo." Nawe mama umjibu kwa upole, "Sawa, baba watoto, mkaribishe aketi. Lakini kwanza tuyatenge ya watoto, ndipo tujue tuna mangapi ya kuuza." Kisha waiteni watoto wakubwa nao waone hesabu, ili siku watakapoambiwa hakuna nguo mpya wajue sababu yake.

Labda mwingine atasema, "Maneno haya ni ya wenye magunia ishirini, mimi nimevuna manne tu." Ndugu yetu, ni kweli, wala hatukudharau. Mwenye manne na atenge moja, na sehemu ya juu ya shamba lake apande muhogo, viazi vitamu na migomba, vyakula ambavyo haviombi lori wala duka. Jamaa zetu Wandamba wamejua tangu zamani kukausha samaki wakati wa wingi. Haba na haba hujaza kibaba. Naye mwenye ishirini akumbuke kwamba maji yakiingia kwa jirani yataingia na kwake, na anayempa mwenzake debe la mpunga Februari humwokoa na mkopeshaji kwa mwaka mzima.

Basi, wapendwa, kabla turubai halijakunjwa na magunia hayajashonwa, fanyeni hesabu. Tukijaliwa, mwezi ujao tutasema habari ya daftari la nyumba, jinsi ya kuliandika na nani alishike. Kwaherini.